Piano Gani Inaingia Kwenye Bajaji?

Leo nimekuja na swali la dereva wa bajaji.

Ilikuwa saa nane usiku, natoka kupiga harusini. Nimesimama nje ya ukumbi na begi langu refu jeusi, miguu inauma, nasubiri usafiri. Kinanda changu kina vibao 88, urefu wake unapita mita moja na robo, na bajaji haikuumbwa kwa ajili yake. Tulijaribu kukilaza kwenye kiti, kichwa kikatoka nje upande wa kulia. Tukakigeuza, mkia ukatoka kushoto. Mwishowe nikakaa, nikakisimamisha katikati ya magoti, ncha yake ikawa inasukuma turubai la paa, nami nimekikumbatia kama mgonjwa anayewahishwa hospitali.

Dereva akanitazama kwenye kioo chake. "Mzee, hicho ni kitu gani?"

"Piano," nikamjibu.

Akacheka mpaka bajaji ikayumba. "Mzee wangu, piano naijua, nimeiona kwenye sinema. Piano gani inaingia kwenye bajaji?"

Nilikosa jibu, na mimi ni mtu ninayelipwa kwa kusema.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa Tanga akaniletea ujumbe hapa redioni: "Shikamoo mzee. Nina akiba yangu kidogo. Nataka kupiga kwenye hafla, mahotelini na kanisani. Watu wananiambia mpiga piano wa kweli hagusi kinanda cha umeme. Nisubiri nipate piano, au ninunue kinanda nianze kazi?" Marahaba, mwanangu. Leo nakujibu wewe, na dereva yule namjibu humohumo.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili hakijawahi kuuliza kama chombo kina umeme au hakina. Wazee wa pwani waliita kinanda chombo cha nyuzi, cha kupakata na kudonoa kwa vidole. Kikaja kile kidogo cha kupuliza, kikaitwa kinanda cha mdomo. Wamisionari wakaleta ogani, nayo ikawa kinanda, na anayeipiga kwaya inamwita mpiga kinanda hadi leo. Ilipofika kibodi ya plastiki yenye taa za rangi, nayo tukaipokea kwa jina lilelile, hakuna aliyeitisha mkutano. Kwa lugha yetu, hao wote ni ukoo mmoja. Piano ndiyo iliyobaki na jina lake la ugenini.

Na jina hilo ni kipande tu. Karibu mwaka 1700, mjini Florence, Italia, fundi Bartolomeo Cristofori, aliyekuwa akitunza ala za familia ya Medici, aliunda ala ya vibao ambayo nyuzi zake zilipigwa kwa vinyundo. Ala nyingi za vibao zilizotangulia zilidonoa nyuzi. Ubonyeze kwa hasira au kwa huruma, sauti ilitoka ileile. Ya Cristofori ilisikiliza kidole. Ukiipapasa inanong'ona, ukiipiga inaitika kwa kishindo. Basi ikaitwa ala ya piano na forte, yaani ya upole na ya nguvu. Watu wakalikata jina, wakabakiza upole.

Nguvu wakaiacha ndani ya sanduku. Piano ya leo ina nyuzi zipatazo 230, na kwa sehemu kubwa kila sauti imepewa nyuzi tatu. Ukijumlisha mvuto wa nyuzi zote hizo unapata tani 15 hadi 20. Ili sanduku lisijikunje kama jani kavu, ndani yake mna fremu nzima ya chuma cha kusubu. Ndiyo maana hata ile piano ya kusimama ukutani hufika kilo 200 na kupita. Na ile ya kulala ya kampuni ya Steinway, unayoiona kwenye majukwaa makubwa ya dunia, ina urefu wa mita 2.74 na uzito wa kilo 480.

Sasa niambie, nani ataibeba hiyo kwenda harusini Mbagala? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanaokwambia mpiga piano wa kweli hagusi kinanda, mwanangu, wengi wao hawajawahi kushika hata pembe moja ya piano ikipanda ngazi.

"Lakini mzee," utaniambia, "si lazima niibebe. Nitapiga ile nitakayoikuta ukumbini." Hapo ndipo ninapotaka ukae, nikusimulie.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kiliitwa kupiga kwenye hoteli moja ya pwani, jina nalihifadhi. Meneja alitupigia simu kwa fahari: "Msihangaike na kinanda, piano tunayo." Nilifurahi jinsi gani! Siku hiyo nilipanda gari mikono mitupu, kama mwimbaji.

Kweli, piano ilikuwepo. Ya kusimama, ya mbao nyekundu iliyopigwa msasa ikang'aa, juu yake pana chombo cha maua na picha za wageni mashuhuri. Nikafunua kifuniko. Harufu iliyonipokea ilikuwa ya kabati la bibi, nta na unyevu na nguo za zamani. Nikabonyeza do ya katikati. Kibao kikashuka, kikakaa hukohuko chini. Mbao zimevimba, zimekibana. Nikakiinua kwa ukucha. Nikabonyeza la. Kwenye kibao kimoja zikatoka sauti tatu, maana zile nyuzi tatu za la kila moja ilikuwa imelegea kwa kadiri yake, zikawa zinasukumana kama abiria watatu wanaogombea kiti kimoja.

Hayo yote ningeyavumilia. Mpiga kodiani wetu, mtu mzima anayeheshimika, akavuta do yake. Nami nikapiga do yangu. Tukatazamana.

Piano ilikuwa imeshuka. Ingeshuka nusu toni kamili ningepona, ningehamisha vidole kibao kimoja juu na usiku ungekwenda. Ilikuwa imeshuka robo, pale katikati ya kibao na kibao, mahali pasipo na mlango wa kuingilia. Mpiga fidla angeweza kulegeza nyuzi zake akanifuata. Mwimbaji naye, koo halina chuma. Kodiani haina pa kulegeza. Sauti zake ni vijiulimi vya chuma vilivyokazwa na fundi tangu kiwandani. Zikawa ala mbili zisizojua kusogea, kila moja imesimama mlangoni kwake. Yule bwana akatikisa kichwa, akafunga kodiani yake kwa kifungo cha ngozi, akasema: "Kaka, mimi na sanduku hilo hatutoki pamoja."

Kijana mmoja wa jikoni akatumwa kwa pikipiki kwenye kanisa la jirani kuazima kinanda. Kikaja kimefungwa kwa kanga mgongoni mwake, kama mtoto. Vibao 61, kimoja kimevunjika ncha. Nikakiwasha, nikatafuta mahali pa kurekebisha sauti, nikakipandisha hatua moja moja juu ya kipimo cha kawaida, ile la ya mitikiso 440 kwa sekunde, mpaka kikakutana na kodiani. Haikuchukua dakika mbili. Tulipiga hadi saa saba usiku. Piano ilibaki ukutani, imebeba maua.

Wakati wa mapumziko nilirudi kuitazama, kwa sababu kuna kitu kilinivuta jicho mara ya kwanza. Kila kibao cheupe kilikuwa na mstari mwembamba kama unywele uliokikata kwa upana, pale kinapoanza kubanwa na vile vyeusi. Plastiki huwa haina mstari huo. Ni alama ya pembe ya ndovu. Mafundi wa zamani walikivika kila kibao cheupe vipande viwili vya pembe, kichwa na mkia, wakaviunga hapo kwenye mstari. Nikavipitishia kidole. Vilikuwa baridi, laini, na vimeingia umanjano kama meno ya mvuta tumbaku.

Msikilizaji, hapa simama kidogo nami. Katika karne ya 19 soko kubwa la pembe katika Afrika Mashariki lilikuwa Unguja. Pembe zilitoka bara, Ujiji, Tabora, zikashuka kwa misafara hadi Bagamoyo na bandari nyingine za mrima, zikavuka kwa jahazi. Zilikuja juu ya mabega ya wapagazi, wengine wa ujira na wengine watumwa. Wamarekani walikwisha kufanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Unguja, mwaka 1833, na mwaka 1837 wakaweka balozi wao mdogo Unguja. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilikwenda katika jimbo la Connecticut, kwenye vijiji viwili jirani. Kimoja ni Deep River. Cha pili kilibadilika kwa biashara hiyo hadi kikaitwa Ivoryton, yaani Mji wa Pembe. Viwanda viwili vya huko, Pratt Read na Comstock Cheney, vilichana pembe kuwa vipande vyembamba, vikavianika kwenye nyumba za vioo vipigwe na jua mpaka viwe vyeupe, kisha vikawa vibao vya piano kwa sebule za Marekani nzima.

Kwa hiyo mtu asitwambie piano ni mgeni kwetu. Tuliibeba kabla hatujaisikia. Tuliibeba vipandevipande, kwa mguu, kutoka maziwa makuu hadi baharini, na iliporudishwa imekamilika, ina vishikizo vya shaba vya kuwekea mishumaa, tukaambiwa hiki ni chombo cha wastaarabu. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipopigwa marufuku kwa makubaliano ya mwaka 1989, viwanda vya piano vilikuwa vimekwisha kuhamia kwenye plastiki kwa sehemu kubwa. Kinanda cha plastiki kina ubaya wake, nami nitausema, lakini hakijaua ndovu.

Turudi hotelini. Kwa nini piano ile ilikuwa vile? Ilikosa mtu wa kuihurumia. Moyo wa piano ni ubao wa sauti, mbao nyembamba ya mti wa jamii ya misonobari ya nchi za baridi, umepinda kidogo kwa makusudi, nyuzi zinaukanyaga kupitia daraja. Ubao huo unakunywa hewa. Masika ukijaa unyevu unavimba, unazisukuma nyuzi, sauti inapanda. Hewa ikikauka ubao unasinyaa, sauti inashuka. Ongeza chumvi ya bahari inayozitafuna nyuzi kwa kutu. Ongeza kiyoyozi kinachowashwa wageni wakiwepo na kuzimwa wakiondoka, yaani piano inapata masika na kiangazi ndani ya siku moja. Chombo kama hicho kinataka fundi wa kukikaza angalau mara mbili kwa mwaka, na fundi wa piano katika pwani yetu ni wa kumtafuta kwa kurunzi. Meneja alinunua samani. Hakujua kwamba ameoa.

Shida hii ya mzigo haikuwa yetu peke yetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Harold Rhodes alikuwa akifundisha piano wanajeshi majeruhi hospitalini. Mgonjwa hawezi kuifuata piano, na piano haiwezi kupanda kitandani. Rhodes akachukua mabaki ya ndege za kivita, akaunda kipiano cha vibao 29 cha kuwekwa mapajani. Kutoka hapo likazaliwa wazo la piano ya umeme, ambayo vinyundo vyake hupiga vijiti vya chuma badala ya nyuzi. Miaka ya 1960 na 1970 sauti yake, ile inayolia kama kengele iliyofunikwa blanketi, ikaenea kwenye jazi na soul. Ilibebeka, ila kwa watu wawili. Mwaka 1976 Yamaha wakaja na CP-70, piano yenye nyuzi za kweli iliyogawanyika vipande viwili ili ipande gari. Kila kipande kilitaka wenye misuli.

Halafu mwaka 1983 Yamaha hao hao wakatoa DX7, kinanda cha umeme. Haina nyuzi, haina vijiti, ni hesabu tupu, kwa njia iliyogunduliwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Uzito wake kilo 14. Mtu mmoja, bega moja. Baadaye ikaja njia ya kurekodi piano halisi, sauti baada ya sauti, kwa upole na kwa nguvu, na kuzihifadhi ndani ya kinanda. Leo ukibonyeza kibao, kinanda kinapima kasi ya kidole chako, kinachagua rekodi inayolingana nayo na kuitoa. Unapiga piano ya mtu mwingine, iliyokazwa vizuri, siku moja, mahali fulani penye utulivu, na fundi aliyelipwa.

Kwa jukwaa, faida ni kubwa. Jukwaani una ngoma, gitaa la besi, magitaa mawili yenye spika zake. Piano ya nyuzi itazama humo. Utaiingizia maiki ndani, na maiki hizo zitaokota ngoma pia, na ukipandisha sauti spika zitaanza kupiga mluzi. Kinanda ni waya wa jeki kutoka mgongoni hadi kwenye mixa, basi, fundi mitambo anakushukuru.

Kuna faida nyingine inayotugusa sisi watu wa taarabu. Nyimbo zetu za asili zimejengwa juu ya maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, na ndani ya maqamu kama rasti na bayati kuna sauti zinazokaa katikati, pale nilipopakosea mlango usiku ule. Udi unazipata kwa kuteleza kidole, fidla vilevile, kanuni ina vibonyeo vyake vidogo vya kuzisogeza. Piano haizipati, mi ni mi, mi iliyoshushwa ni kibao kingine, katikati ni ukuta. Kodiani ilituingilia na upungufu huohuo, masikio yetu yakaisamehe. Lakini vipo vinanda vya kisasa vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, ambavyo unabonyeza kitufe na mi yote inashuka robo, ukimaliza wimbo unairudisha. Chombo tunachokilaumu kwamba kimeiua taarabu ya zamani ndicho, katika ukoo wa vibao, kinachoweza kuiimba sawasawa. Kama mpigaji hakibonyezi kitufe hicho, lawama tumpelekee mpigaji.

Hapo sasa nimeusifu mno umeme, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niseme na ya upande wa pili.

Siku ukipata piano nzima, iliyokazwa, fanya hivi. Bonyeza do ya chini polepole sana, kwa upole ambao kinyundo hakifiki, kibao kishuke bila kutoa sauti, kishikilie hapo. Kwa mkono mwingine piga do ya juu yake, kwa nguvu, halafu iachie mara moja. Sikiliza. Do ya juu uliyoipiga umeiachia, imekufa, na bado inaimba. Inaimba kutoka kwenye nyuzi za chini ambazo hukuzipiga. Zimesikia sauti ya jirani yao, zikaitika. Ndani ya sanduku lile nyuzi zinasikilizana. Kanyaga pedali ya kulia upige sauti moja tu, zote 230 zinapumua. Vinanda vya bei kubwa vinajaribu kuiga jambo hilo, na vinaiga vizuri, lakini sauti inatoka kwenye spika iliyo mita tano kutoka kwako, wakati ya piano inapitia kwenye vidole, kwenye kiti, kwenye mbao za sakafu.

Pili, piano haikudanganyi. Kinanda kina kitufe kimoja ambacho mimi nakiita kitufe cha uvivu, kile cha kuhamisha kii. Mwimbaji akitaka wimbo upande, hujifunzi upya, unabonyeza mara mbili na vidole vinabaki kwenye do yako ya kila siku. Kilinitia aibu kanisani. Mwimbaji mmoja aliniomba nimpandishie wimbo wa komunyo, nikapandisha hatua tatu. Ukaisha vizuri, watu wakafumba macho. Ukaja wimbo wa kumalizia, ule wa shangwe, wenye tarumbeta tatu. Nikasahau kurudisha. Nikaanza kwa nguvu zote, tarumbeta wakaingia kwa nguvu zote, wao kwenye kii yao, mimi hatua tatu juu yao. Masoprano walijaribu kunifuata wakafika karibu na dari, mabesi wakabaki na tarumbeta. Mwalimu wa kwaya aliniangalia kwa macho ambayo nimeyakumbuka kila Jumapili tangu siku hiyo. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuweza kujiokoa. Kwa miaka mingi kitufe kilikuwa kimenifanyia kazi ya kichwa, na kichwa kimesahau njia. Vivyo hivyo zile biti za ndani: ngoma, besi na gitaa vinapigwa na mashine, mkono wa kushoto umelala usingizi, na mpigaji anaitwa bendi.

Umeme nao tunaufahamu. Umeme ukikatika wakati bibi harusi anaingia, kinanda kinakuwa ubao wa kupigia pasi. Jenereta likiwashwa linakuja na pigo lake, adapta inanuka, usiku umekwisha. Mimi hutembea na adapta mbili, waya wa jeki mbili, na utepe wa kuunganishia plagi isitikisike. Harusi za ufukweni nakiwekea kitambaa cheupe. Plastiki nyeusi ikipigwa jua la saa tisa, vibao vinachoma vidole, na mchanga ukiingia kwenye raba za ndani kibao kinakuwa bubu.

Nikiisema piano mbovu ya hotelini, watu hupenda kunitajia Keith Jarrett. Tarehe 24 Januari 1975 mpiga piano huyo wa Marekani alifika jumba la opera la Cologne, Ujerumani, akakuta siyo piano aliyoiomba. Ameandaliwa ndogo, ya mazoezi, imelegea, sauti za juu zinachoma, za chini hazina kifua, pedali zinasumbua. Mwandaaji, Vera Brandes, alikuwa binti wa miaka 18, na watu kama 1,400 walishanunua tiketi. Jarrett akakaa, akazikwepa zile za juu, akang'ang'ania katikati, akairudia mipigo ya mkono wa kushoto tena na tena ili kuzipa nguvu zile za chini. Rekodi ya usiku ule ikawa miongoni mwa rekodi za piano peke yake zilizouzwa zaidi duniani. "Umeona mzee," wananiambia, "piano mbovu ilizaa dhahabu."

Nimeona. Nimeona pia kwamba alikuwa peke yake. Hapakuwa na kodiani. Angekuwa na yule bwana wetu pembeni, angefunguliwa kinanda kwenye kanga kama mimi. Na wapo waliokataa kubahatisha. Vladimir Horowitz alipokwenda kupiga Moscow mwaka 1986, alisafirishiwa Steinway yake mwenyewe kutoka nyumbani kwake New York. Huyo alikuwa na watu wa kumbebea. Sisi wengine tunakumbuka kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Tanga, sikiliza jibu. Kwa kazi, nunua kinanda, na usimwombe mtu radhi. Lakini chagua chenye vibao 88 vyenye uzito, vile vinavyosukuma kidole kama kuna kinyundo upande wa pili. Vipo vya kilo 11 na kitu, begi moja. Visivyo na uzito vitakufundisha kugusa tu, na siku utakayokutana na piano ya kweli mikono itachoka kabla ya wimbo wa pili. Kitufe cha kuhamisha kii kibandike utepe mwaka mzima, jifunze nyimbo zako katika kii zote kwa vidole. Nunua adapta ya pili kabla ya kununua shati la jukwaani.

Na kwa masomo, tafuta piano. Hapo Tanga haikosekani moja, kwenye shule ya zamani au parokia, imefunikwa shuka, watoto wanawekea vitabu. Omba ruhusa, uende mara moja kwa juma. Hata kama imelegea. Huendi kuipiga mbele ya watu, unakwenda kufundishwa kusikiliza. Fanya lile zoezi la do mbili. Siku utakapoisikia ya chini ikiitika bila kuguswa, utajua kinanda chako kinaiga nini, nawe utakipiga kama mtu anayemwiga mzazi wake, kwa kumjua.

Na wewe dereva, ndugu yangu, najua redio yako huwa imewashwa. Piano inayoingia kwenye bajaji ni ile iliyoziacha nyuzi zake nyumbani ili ifike harusini. Nilipaswa kukujibu hivyo usiku ule, badala ya kukulipa na kunyamaza. Ukinikuta tena pale nje ya ukumbi saa nane, usinicheke. Nifungulie turubai la upande wa kushoto, kichwa kitoke nje, twende polepole.